BAKSHISHI SI MSHAHARA



Kazi yetu ya reli hututoa nyumbani. Dereva, gadi, fundi wa ishara na watu wa gangi hula chakula chao po pote kazi inapowafikisha: leo Voi, kesho Mtito Andei, kesho kutwa Nairobi au Mombasa. Twala hotelini, na hotelini yuko mtu anayetuletea sahani, anayepangusa meza, na mwishowe anayetuletea hesabu. Ndipo huja swali ambalo wanachama hutuuliza mara kwa mara: Je, nimwachie shilingi ngapi? Na wengine huuliza kwa ukali zaidi: Kwa nini nimwachie cho chote, na mimi mwenyewe sina?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Ndani yake mna mambo ya mshahara, ya heshima na ya umoja wa wafanya kazi. Kwa hiyo tumeonelea yafaa tuliandikie katika gazeti letu.

Shauri letu kwa ufupi ni hili. Toa, kwa kadiri ya mkono wako. Lakini utoapo, ujue unachotoa ni nini na si nini. Bakshishi ni asante ya mtu kwa mtu. Mshahara ni deni la mwajiri kwa mfanya kazi wake. Mambo haya mawili yakichanganywa, anayepata faida si wewe wala si mhudumu. Anayepata faida ni mwenye hoteli.

MTU ANAYETULETEA SAHANI

Tumtazame kwanza mwenzetu huyu. Asubuhi wewe ukifika kunywa chai kabla ya zamu, yeye amekwisha fika, amepanga viti na kuchemsha maji. Usiku ukirudi, bado yuko kwa miguu yake. Hapati nafasi ya kuketi, maana mwenye hoteli akimwona ameketi husema hana kazi. Chakula kikichelewa jikoni, matusi humwangukia yeye. Supu ikiwa na chumvi nyingi, yeye hakuipika, lakini yeye ndiye anayeulizwa.

Tena liko jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Katika hoteli nyingi, mgeni akila akatoroka bila kulipa, hesabu ile hukatwa katika mshahara wa mhudumu. Glasi ikivunjika, hukatwa. Kijiko kikipotea, hukatwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kwa ajili ya mali iliyopotea au kuharibika ikiwa mfanya kazi amefanya kwa kusudi. Yaruhusu pia kukata fedha zilizopungua kwa uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake wasema wazi kwamba amekabidhiwa fedha. Sheria haikusema kwamba kila mgeni mwenye miguu myepesi ni deni la weita. Lakini weita asiye na barua ya kazi atamwonyesha nani sheria hiyo?

Juu ya mshahara, serikali hutoa amri za kima cha chini, na ndani ya amri hizo weita na mpishi wametajwa kwa jina lao. Amri iliyoanza Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu Sh. 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba, na weita huwekwa juu kidogo ya kibarua. Hicho ni kima cha chini, ndugu, na bado wako wenye hoteli wasiokifikia. Mtu akienda kuomba kazi huambiwa: mshahara ni mdogo, lakini hapa wateja ni wazuri, utajisaidia na bakshishi. Hapo ndipo ubaya unapoanza. Mwenye hoteli amekwisha ingiza mkono katika mfuko wako wewe mteja ili alipe deni lake, na wewe hata hujaingia mlangoni.

WENZETU WA MABEHEWA YA KULALA

Sisi watu wa reli tunayo sababu ya pekee ya kulijua jambo hili, kwa maana vita vikubwa juu ya bakshishi vilipiganwa ndani ya gari moshi.

Huko Marekani, baada ya vita vya wao kwa wao kwisha mwaka 1865 na watumwa kuwekwa huru, tajiri mmoja jina lake George Pullman alikuwa na mabehewa ya kulala yaliyokuwa ya anasa sana. Akawaajiri watu weusi waliokuwa watumwa jana yake, wawe watumishi wa mabehewa: kutandika vitanda, kubeba mizigo, kupiga viatu rangi, kukesha usiku kumngojea abiria apige kengele. Mshahara aliwapa mdogo kwa makusudi. Hesabu yake ilikuwa kwamba abiria ndio watakaojazia kwa bakshishi. Abiria wengi hawakuwaita hata kwa majina yao. Waliwaita wote “George”, kwa jina la tajiri, kama vile zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Sisi wa nchi hii ambao wazee wetu waliitwa “boi” wakiwa na wajukuu twaelewa maneno hayo bila kuelezwa.

Katika miaka ya 1920 mtumishi wa Pullman alipata karibu dola 67 na nusu kwa mwezi, na ili azipate ilimpasa afanye kazi saa zipatazo 400 au asafiri maili 11,000 kwa mwezi. Katika fedha hizo alinunua chakula chake njiani na hata rangi ya kupiga viatu vya abiria. Kwa hiyo hakuweza kuishi bila bakshishi, na mtu asiyeweza kuishi bila bakshishi hana budi kucheka hata anapotukanwa.

Tarehe 25 Agosti 1925, mjini New York, walianzisha chama chao. Walimchagua A. Philip Randolph kuwaongoza, na walikuwa na akili kumchagua yeye, maana hakuwa mwajiriwa wa Pullman, na kwa hiyo Pullman hakuweza kumfukuza kazi. Wengine walifukuzwa kwa kuonekana tu na kadi ya chama. Madai yao yalikuwa wazi: saa za kazi zipunguzwe, na mshahara uwe wa kumtosha mtu kuishi, ili asiwe mwombaji kwa abiria. Walipigana miaka 12 kamili. Tarehe 25 Agosti 1937 kampuni ya Pullman ilitia sahihi mkataba. Saa 400 zikashuka hadi 240 kwa mwezi, na mshahara ukapanda. Huo ulikuwa mkataba wa kwanza kati ya kampuni kubwa ya Marekani na chama cha wafanya kazi weusi.

Angalieni jambo moja. Watumishi wale hawakuwaambia abiria waache kutoa. Hawakugombana na abiria. Waligombana na mwajiri, kwa sababu mwajiri ndiye aliyekuwa na deni.

YALIYOWAPATA WENGINE

Ushindi ule haukuwafikia wahudumu wa hoteli wa nchi ile. Majimbo kadha ya Marekani, kuanzia Washington mwaka 1909, yalijaribu kukataza bakshishi kwa sheria, lakini kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Mwaka 1966 wahudumu waliingizwa katika sheria ya kima cha chini, lakini mwajiri akaruhusiwa kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara. Tangu mwaka 1991 sheria ya nchi nzima huko imemruhusu mwajiri alipe senti 213 tu kwa saa, yaani dola 2 na senti 13, ikiwa bakshishi itajazia iliyobaki. Majimbo machache, kama California, hayakukubali hesabu hiyo. Kwa hiyo tusikiapo kwamba Mmarekani huacha asilimia 15 au 20 mezani, tusidhani ni ukarimu mtupu. Sehemu kubwa ni mshahara, na mteja amegeuzwa kuwa karani wa kulipa mishahara.

Uingereza walifuata njia nyingine. Tangu Oktoba 2009 mwajiri wa huko hawezi kuhesabu bakshishi ndani ya kima cha chini. Tena sheria iliyopitishwa mwaka 2023, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, yamwamuru awape wafanya kazi bakshishi yote bila kukata. Ufaransa gharama ya huduma imo ndani ya bei iliyoandikwa, na mteja akiacha vipeni vichache ni kwa hiari yake. Wajapani hawana desturi hiyo kabisa, na wahudumu wao hufanya kazi kwa adabu. Basi wale wasemao kwamba bila bakshishi mtu hawezi kuhudumu vizuri, wasafiri kidogo.

SOMA HESABU KABLA YA KULIPA

Turudi kwetu. Katika hoteli kubwa hesabu huja na mistari mingi, na wengi wetu hutazama mstari wa chini tu. Mwanachama, soma yote.

Mstari wa VAT, asilimia 16, ni kodi ya serikali. Mhudumu hapati hata senti. Mstari wa asilimia 2, ambao zamani tuliuita ushuru wa hoteli, huenda katika Mfuko wa Utalii, ambao umesaidia kukiendesha Chuo cha Utalii kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975. Huo nao si wake.

Mstari wa tatu, ukiwapo, ni malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 10 au chini yake. Huu ndio wa kuuliziwa. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliweka kwamba malipo ya huduma yanayotozwa badala ya bakshishi yasitozwe kodi hiyo, ila kwa masharti: yasizidi asilimia 10, na yagawiwe wafanya kazi moja kwa moja, kwa mapatano yaliyoandikwa kati yao na mwajiri. Maana yake, sheria yenyewe imekiri fedha hizo ni za nani. Mwenye hoteli anayeandika “huduma” katika hesabu kisha akazitia katika sanduku lake anamdanganya mteja na kumwibia mfanya kazi kwa karatasi moja.

Kwa hiyo uliza, kwa sauti ya upole: Ndugu, hii ya huduma huwafikia? Ukiambiwa ndiyo, umekwisha toa, na huna haja ya kuona haya ukiondoka. Ukiona mtu anatazama nyuma kabla ya kujibu, umepata jibu.

Jambo la simu pia. Tangu watu walipoanza kulipa kwa M-Pesa, vipeni vya mezani vimepungua. Ukilipa Sh. 500 kwa namba ya hoteli na hesabu ni Sh. 450, hamsini ile imeingia kwa mwenye hoteli, haikwenda kwa aliyekuhudumia. Kama wataka kumpa, lipa hoteli haki yake kamili, kisha mpe mhudumu yake mkononi, au umtumie kwa namba yake mwenyewe akikupa.

KIASI GANI?

Hapa hatutoi amri, ila mwongozo tu, kwa kuwa wanachama wametaka kujua.

Kibandani, ambako mama mwenyewe ndiye mpishi, mhudumu na mwenye mali, hakuna deni la bakshishi. Mlipe bei yake bila kumkopa hadi mwisho wa mwezi, na hiyo ni heshima ya kutosha.

Katika hoteli ya kawaida ya mjini, ambako kuna weita aliyeajiriwa, hesabu ikiwa Sh. 300 au 400, ukimwachia Sh. 20 hadi 50 umefanya vema. Huna? Sema asante, umwite kwa jina lake, uondoke kwa amani.

Katika hoteli ya vitambaa mezani, ambako hesabu haina malipo ya huduma, desturi ni asilimia 10, yaani shilingi kumi katika kila mia. Hesabu ya Sh. 1,500 ni Sh. 150. Ikiwa jambo hilo ni zito kwako, ulipime kabla ya kuketi, si baada ya kula.

Mkiwa kundi, kama kamati au watu wa harusi, mkamfanyia mtu mmoja kazi ya saa tatu, msiondoke mkimwachia Sh. 50 baina ya watu kumi na wawili. Changeni. Sh. 20 kwa kila mmoja ni Sh. 240, wala hakuna atakayelala njaa.

Chakula kikiwa kibaya, usimwadhibu mhudumu. Mwite msimamizi umwambie. Na mhudumu akiwa mkali, kumbuka hujui ni saa ya ngapi yuko kwa miguu. Lakini akikudharau kwa sababu umevaa nguo za karakana, huna wajibu wa kumlipa kwa dharau yake. Adabu ni ya pande mbili.

BAKSHISHI NA RUSHWA

Katika nchi yetu neno “chai” limebeba mizigo miwili, na baadhi ya ndugu husema bakshishi na rushwa ni kitu kimoja. Sivyo. Bakshishi hutolewa baada ya kazi, mbele ya watu, kwa mtu asiyeweza kukuzuilia haki yako. Rushwa hutolewa kabla ya kazi, kwa siri, kwa mtu aliyeikalia haki yako mpaka umpe kitu. Abiria akimpa mbeba mizigo Sh. 50 kwa kumpakilia masanduku, hiyo ni asante. Abiria akidaiwa Sh. 50 ili apate tikiti ambayo ipo, hiyo ni rushwa, na Chama hakitamtetea atakayeichukua.

Tena liko jambo baya zaidi, nasi tutalisema wazi hata kama litawachukiza wengine. Wako wanaume wanaodhani noti ya Sh. 100 imenunua ruhusa ya kumshika mkono dada anayehudumu, au kumwambia maneno ya aibu. Naye hunyamaza, kwa kuwa karo ya watoto iko katika ile mia. Ndugu, hiyo si bakshishi. Huko ni kutumia njaa ya mtu. Dada yule ni mfanya kazi kama wewe, na mwanachama atakayefanya hivyo amevaa beji ya Chama bure.

“MIMI PIA NI MFANYA KAZI”

Sasa tumjibu yule ndugu mwenye ukali. Asema: Mimi nakaza mataruma juani kutwa, hakuna abiria anayeteremka kunipa Sh. 50. Kwa nini mimi nimpe weita?

Asemayo ni kweli, nasi hatumlaumu. Lakini tuifuate hesabu yake hadi mwisho. Wewe hupewi bakshishi, kwa sababu wazee wetu katika vyama waligombania mshahara ulioandikwa, likizo iliyoandikwa na posho iliyoandikwa. Weita wengi hawajafika hapo. Ukimnyima Sh. 20, mwenye hoteli hapati hasara yo yote na mshahara wa weita haupandi hata senti. Kilichopungua ni unga wa nyumbani kwake tu. Na ukimpa, ukadhani umemaliza, napo umekosea, kwa maana kesho mwenye hoteli atasema: Mwawaona wateja wanavyowapa, mwataka nyongeza ya nini?

Tena bakshishi haigawanyi sawa. Weita wa mbele hupata, mpishi na muosha vyombo hawapati, na husuda huingia kati yao. Zamu nzuri hupewa kipenzi cha msimamizi. Siku ya mvua wateja hawaji, na mwenye nyumba wake hangoji jua litoke. Fedha isiyojulikana kesho itakuwa ngapi haiwezi kuitwa mshahara.

Kutoa ni moyo, si utajiri, wazee walisema. Ni kweli, lakini walisema juu ya kutoa, hawakusema juu ya kulipa deni. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kwamba ujira wa mfanya kazi uliozuiliwa hulia, na kilio chake husikiwa juu. Hakuna mahali tulipofundishwa kwamba ujira ule waweza kulipwa na mpita njia.

KAZI YA VYAMA

Wahudumu wanacho chama chao, KUDHEIHA, na si kazi yetu kuwasemea. Lakini hatuwezi kusahau kwamba Januari 1947, Mombasa iliposimama, watu wa reli na wa bandari hawakusimama peke yao. Watumishi wa hoteli na wa majumbani waliacha kazi pamoja nao. Waliacha bakshishi zao pia. Kwa hiyo tunalo deni la udugu, na twaliomba tawi kila mahali liunge mkono madai haya:

1. Kila mhudumu apewe barua ya kazi na mshahara usiopungua amri ya serikali, bila kuhesabu bakshishi ndani yake.

2. Malipo ya huduma yagawiwe wafanya kazi wote, pamoja na wa jikoni, kwa mapatano yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani.

3. Mhudumu asikatwe mshahara kwa ajili ya mteja aliyetoroka, wala kwa kitu kilichovunjika bila kusudi.

4. Bakshishi iliyolipwa kwa simu au kwa kadi imfikie mhudumu yote.

Nasi wenyewe tunayo kazi ya kufanya. Kamati zetu zikiandaa mkutano au karamu hotelini, katibu aulize mambo haya manne kabla ya kulipa arbuni. Shilingi za Chama ni za wafanya kazi, na haifai zikamtajirishe mtu anayewanyanyasa wafanya kazi.

Basi, ndugu, utakapokula tena safarini, acha ulicho nacho, kiwe ishirini au mia, nawe ukiache kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mwenzake. Kisha muulize kama amejiunga na chama. Bakshishi yako itampikia chakula cha usiku. Chama chake, kikiwa na nguvu, kitampikia mwaka mzima.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI